Mafuta ya Bangi na Kopo la Dawa la Baba

Huenda mmoja wenu akiona neno bangi katika kurasa hizi atakunja uso na kuuliza: "Je, waalimu wetu nao wamepotea?" La, asikasirike upesi. Hatukuja kuwashawishi vijana wavute. Twataka kusimulia habari ya dawa, nayo ni habari iliyoingia nyumbani mwetu wenyewe bila kubisha hodi, hata ikatulazimu kujifunza kwanza kabla ya kuijibu.

Mdogo wangu anakaa Montréal, katika nchi ya Kanada. Hufanya kazi usiku katika bohari kubwa, akiinua masanduku na kuyapanga tangu jioni hata alfajiri. Mgongo wake ulianza kumsumbua, kama unavyowasumbua wengi wenye kazi ya namna hiyo. Siku moja alinipelekea ujumbe kwa simu: "Yaya, nimepata dawa. Ni mafuta ya bangi, yanauzwa huku katika duka la serikali, si kwa kujificha. Nikija likizo nitamletea Baba chupa mbili, naye atalala usiku."

Baba yetu ni mzaliwa wa Kasai. Alikuja Katanga akiwa kijana, akashika sepetu chini ya mgodi miaka mingi, na sasa anakaa nasi hapa Lubumbashi. Usiku twamsikia akigeuka kitandani na kuguna. Asubuhi huamka kwa kushika ukuta. Nilipomsomea maneno ya mwanawe alicheka sana, akasema: "Diamba? Tangu lini diamba imekuwa dawa ya wazungu?"

Kicheko cha Baba kilikuwa na sababu yake. Katika nchi ya Kasai jambo hili si geni. Mwaka 1881 wasafiri wawili Wajerumani, Pogge na Wissmann, walifika kwa Wabashilange, wakamkuta chifu Kalamba Mukenge na watu wake waliojiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi. Hao walikuwa wameacha hirizi zao za zamani, wakakusanyika kuvuta bangi pamoja kuwa alama ya urafiki na amani. Wissmann aliandika habari zao kwa mshangao. Baadaye, mwaka 1903, serikali ya Leopold ilitoa amri ya kukataza bangi ya kuvuta katika Kongo, na tangu wakati huo wazee wetu waliijua kuwa kitu cha kufichwa nyuma ya nyumba. Hata leo mtu akikamatwa nayo njiani ana kesi. Basi mzee aliyekua katika hali hiyo, akisikia kwamba mwanawe ameinunua dukani na kupewa risiti, atacheka.

Nami sikucheka. Nilimjibu mdogo wangu: "Ngoja kwanza. Nitauliza."

Nini kilicho ndani ya chupa hiyo

Ndani ya mmea wa bangi mna vitu vingi, lakini viwili ndivyo vinavyotajwa zaidi na waganga wa hospitali. Cha kwanza huitwa THC. Hicho ndicho kinacholewesha, kinachopiga moyo mbio, kinachoyumbisha miguu. Na hicho hicho hupunguza maumivu kidogo kwa watu wengine. Wataalamu wawili wa Israeli, Gaoni na Mechoulam, walikitenga na kukitambua barabara mwaka 1964. Cha pili huitwa CBD. Hicho hakilewi, na kwa sababu hiyo watu hudhani hakina neno. Tutaona baadaye kwamba kina neno, tena kubwa, hasa kinapokutana na dawa nyingine.

Bangi ya njiani haina hesabu. Anayeivuta hajui amekula THC kiasi gani, wala hajui imechanganywa na nini, na moshi wake huchoma mapafu kama moshi mwingine wowote. Dawa inayotokana na bangi ni jambo tofauti: chupani pameandikwa ni miligramu ngapi za THC na ngapi za CBD katika kila mililita, na mgonjwa hupima kwa bomba dogo. Ujerumani iliwaruhusu waganga kuandika dawa hiyo tangu mwezi wa Machi 2017. Kanada ilianza na wagonjwa mwaka 2001, kisha mwezi wa Oktoba 2018 ikaruhusu watu wazima wote kuinunua. Katika jimbo la Québec sharti mnunuzi awe na miaka 21.

Je, yasaidia mgongo? Hapa yafaa tuseme kweli bila kupamba. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Ujerumani na Austria kwa watu 820 wenye maumivu ya kiuno ya siku nyingi. Nusu walipewa dawa iliyotolewa katika bangi, nusu wengine walipewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa. Baada ya majuma 12 wale waliopata dawa walikuwa na nafuu kuliko wenzao, lakini tofauti yenyewe ilikuwa 0.6 tu katika kipimo cha maumivu kinachokwenda mpaka 10. Hata sehemu moja nzima haikufika. Na wengi wao waliona kizunguzungu, uchovu au kichefuchefu.

Kwa hiyo wakubwa wa uganga hawakubaliani. Shirika linalowaongoza waganga wa Uingereza lilisema mwezi wa Novemba 2019 kwamba dawa za THC zisiandikwe kwa maumivu ya siku nyingi. Wataalamu wengine walioandika katika gazeti la uganga la BMJ mwaka 2021 walisema mgonjwa aweza kuijaribu, ikiwa matibabu ya kawaida yameshindwa, na kwa sharti asiivute kwa moshi. Hao pia walikiri kwamba faida ni ndogo. Mimi si mganga, nami nikiyaweka maneno ya pande hizo mbili katika mizani naona hayatofautiani sana kama yanavyoonekana: wote wawili wanasema kwamba hii si dawa ya kwanza, wala si dawa ya ajabu.

Usiku wa mdogo wangu

Kabla sijamaliza kuuliza, yalimpata mwenyewe.

Mganga wake wa Montréal alikuwa amempa dawa mbili. Moja ni pregabalini, inayotuliza mishipa ya fahamu. Nyingine ni dawa ya kulegeza misuli, ya kumeza jioni. Yeye alikwenda dukani akaongeza mafuta ya bangi, wala hakumwambia mganga. Nilipomwuliza kwa nini, alijibu: "Niliona haya, Yaya. Nilidhani atanihesabu kuwa mvutaji." Ndugu zangu, hilo neno haya limeleta wagonjwa wengi hospitalini kuliko tunavyodhani.

Siku hiyo hakuwa na zamu. Saa mbili usiku alimeza dawa zake mbili, kisha mafuta yenye miligramu 5 za THC. Akangoja. Saa nzima ilipita bila kuona badiliko lolote. Akawaza kwamba chupa ni mbovu, akameza tena kiasi kile kile. Saa nne na nusu aliondoka kwenda msalani. Alipoinuka dunia ilizunguka, magoti yakalegea, akaanguka na kugonga paji la uso katika kona ya beseni la kuogea. Mkewe alimkuta chini akiwa na damu usoni, akizungumza maneno yasiyo na mpango.

Tulipata habari asubuhi, hapa Lubumbashi, wakati nilipokuwa nikitafuta chaki kwenda darasani. Alishonwa nyuzi tano. Alipona. Lakini mganga aliyemtazama usiku ule alimweleza mambo ambayo yeye alinieleza mimi, nami nikayathibitisha kwa mganga wetu wa hapa. Nitayaandika kirefu kidogo, kwa maana ndiyo kiini cha habari yetu.

Kosa lake la kwanza lilikuwa la saa. Bangi ikivutwa huingia mwilini kwa dakika chache, na nguvu zake hushuka baada ya saa mbili au tatu. Lakini ikimezwa hupita kwanza tumboni na katika ini. Huanza kufanya kazi baada ya saa moja au mbili, pengine zaidi, hasa kama mtu amekula chakula kizito, kisha hukaa saa sita, nane, au zaidi. Basi mtu anayemeza mara ya pili kwa sababu ya kwanza haijaonekana anapanda mzigo juu ya mzigo. Saa nne na nusu mizigo yote miwili ilimwangukia mdogo wangu kwa pamoja. Waganga wanaoijua dawa hii huanza na kidogo sana, miligramu 2.5 za THC au chini yake, jioni, mtu akiwa nyumbani na mtu wa kumtazama. Wakaongeza polepole baada ya siku kadhaa, si baada ya saa.

Kosa la pili lilikuwa la mchanganyiko. Pregabalini peke yake huleta usingizi na kizunguzungu. Dawa ya kulegeza misuli nayo huleta usingizi. THC vile vile. Tena hushusha damu ghafula mtu anapoinuka kutoka kitini. Hizo tatu hazikugombana mwilini mwake. Zilisaidiana, na huko kusaidiana ndiko kulikomwangusha. Hivyo ndivyo ilivyo kwa dawa zote zinazolaza ubongo: gabapentini, diazepamu, baklofeni, tizanidini, hata amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya mishipa. Kila mojawapo ikiandamana na THC humfanya mtu kuwa mzito, na mzee humvunja nyonga. Pombe ni mbaya kuliko zote, kwani huongeza hata kiasi cha THC kinachoingia katika damu. Na mtu aliyemeza mchanganyiko kama huo asishike usukani, wala pikipiki, wala asipande ngazi ya mwashi.

Wasomaji watauliza juu ya tramadoli, maana hiyo twaijua wote. Tramadoli, kodeini, morfini na oksikodoni ni dawa za jamii moja, watoto wa afyuni. Nguvu zao nyingi huzima pumzi. Mwaka 2011 wataalamu wa San Francisco waliwapa wagonjwa 21 waliokuwa wakitumia morfini au oksikodoni mvuke wa bangi, wakaona maumivu yakipungua, wala kiasi cha dawa katika damu hakikupanda. Habari hiyo iliwapa watu wengi tumaini kwamba bangi itawasaidia kupunguza dawa za afyuni. Lakini watu 21 ni darasa dogo. Huko Australia walifuatwa watu 1,514 kwa muda wa miaka minne, wote wenye maumivu ya siku nyingi na wote wakitumia dawa za jamii hiyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Waliotumia bangi hawakuwa na maumivu machache kuliko wenzao, wala hawakupunguza dawa zao zaidi ya wenzao. Basi asiwepo mtu wa kuacha tramadoli ghafula akidhani mafuta yatachukua nafasi yake. Aliyeizoea akiikata siku moja hutetemeka, hutoka jasho na kukosa usingizi; na diazepamu ikikatwa hivyo yaweza kuleta kifafa. Hupunguzwa hatua kwa hatua, mganga akiwa na kalamu mkononi.

Sasa ile CBD isiyolewesha. Ini letu lina watenda kazi wake ambao huvunja dawa na kuzitoa mwilini. CBD huwazuia baadhi yao kazini. Dawa nyingine iliyopaswa kuvunjwa leo hubaki katika damu mpaka kesho, na kesho mtu anaongeza nyingine juu yake. Mfano ulio wazi ni warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande: pamoja na bangi nguvu yake hupanda, na mtu aweza kutoka damu, sharti damu yake ipimwe upya. Tena CBD ikitumiwa kwa wingi yenyewe huchosha ini. Parasetamoli nayo, ikizidi gramu 4 kwa siku, huharibu ini. Mtu anayetaka kutumia zote mbili, au anayekunywa pombe, apimwe ini lake kwanza.

Upande wa pili ni dawa zinazoibadilisha bangi yenyewe. Rifampisini, ile dawa nyekundu ya kifua kikuu ambayo wengi wetu tumeiona, huwahimiza watenda kazi wa ini, na THC na CBD hutoka upesi mno. Ketokonazoli, dawa ya ukungu wa ngozi na mwili, ikimezwa hufanya kinyume: THC hupanda. Mtu mmoja, chupa moja, kipimo kimoja, lakini nguvu si moja.

Na dawa za uvimbe, yaani ibuprofeni, diklofenaki na naprokseni? Hizo hazijaonekana kugombana sana na bangi. Nilifurahi niliposikia hivyo, nikadhani kwa upande huo tumepona. Kumbe hatari yao iko kwingine, nayo ilikuwa nyumbani mwangu.

Kopo

Baba huweka dawa zake katika kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Hakuna aliyelifungua miezi mingi. Mganga wa hospitali aliponiambia, "Siwezi kusema neno juu ya mafuta ya bangi mpaka nione kila kitu anachokula mzee," nilimwomba Baba kopo lake. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alilitoa mwenyewe, akaliweka juu ya meza bila kunitazama.

Humo tulikuta diklofenaki, vidonge vilivyobaki vya karatasi sita. Tulikuta ibuprofeni aliyopewa na jirani aliye muuza makala, yule anayesukuma baiskeli yenye magunia matano kutoka porini na ambaye mgongo wake mwenyewe umepinda. Tulikuta tramadoli za rangi mbili, zisizo na sanduku, zilizonunuliwa sokoni moja moja. Tulikuta diazepamu, "za kulalia" alivyosema. Na katika karatasi ya daftari, safi, hazikuguswa karibu, tulikuta dawa zake za damu ya juu alizoandikiwa hospitalini. Zile alizopewa na mganga alikuwa akizisahau, na zile alizojipa mwenyewe hakusahau hata siku moja.

Tulibeba kopo zima mpaka hospitalini. Mganga alilimwaga juu ya kitambaa, akazipanga kama mtoto anayepanga punje za mahindi. Kisha akaweka diklofenaki na ibuprofeni pamoja, akamwambia Baba: "Mzee, hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Ukizila zote mbili hupati nafuu mara mbili, wapata madhara mara mbili." Akamweleza kwamba dawa za jamii hiyo huchimba kidonda katika tumbo, huchosha figo, na hupandisha damu, ndiyo sababu damu ya juu ya Baba haikushuka. Halafu akamwuliza, kwa sauti ya chini, choo chake ni cha rangi gani.

Baba alinitazama mimi, mwanawe, akanyamaza. Niliondoka nikasimama nje chini ya mwembe. Niliporudi nilikuta amekwisha kusema. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami tangu majuma matatu. Ilikuwa damu ya tumboni.

Hakuna aliyefikiri habari hiyo. Tulikwenda kuuliza juu ya chupa iliyokuwa bado katika kabati Montréal, tukakuta kwamba mzee wetu anamwaga damu kidogo kidogo chini ya dari letu kwa ajili ya vidonge vinavyouzwa katika kila mtaa. Alilazwa siku nane. Aliwekewa damu. Alipewa omeprazoli ya kutibu kidonda, na diklofenaki na ibuprofeni zikakatwa kabisa.

Kwa kuwa alikuwa mchimbaji, mganga alitaka pia mgongo wake upigwe picha na makohozi yake yapimwe. Kifua kikuu huweza kukaa katika mifupa ya uti wa mgongo, na mtu akakitibu miaka miwili kwa vidonge vya maumivu mpaka nundu itokee na miguu ife. Mtu mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda asingoje. Vile vile anayeona miguu inalegea, au sehemu anazokalia zimekufa ganzi, au hawezi kuzuia mkojo na choo: huyo aende siku ile ile, hata kama ni usiku. Hapo si mahali pa mafuta wala pa tramadoli. Baba hakukutwa na ugonjwa huo. Mifupa yake imelika kwa kazi na kwa miaka, basi.

Nilimwuliza mganga juu ya bangi nikiwa tayari najua jibu. Mzee wa umri ule, mwenye damu ya juu, anayekula tramadoli na diazepamu kila usiku? "Kwanza tumtoe katika hizo mbili," alisema, "tena polepole." Akaongeza wengine ambao THC haiwafai: mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye wazimu au mwenye wazimu katika jamaa yake, mama mwenye mimba au anayenyonyesha, na kijana ambaye ubongo wake bado wakua. Wanafunzi wangu wa darasa la sita nimewasomea sentensi hiyo ya mwisho mara mbili.

Je, tiba ya mgongo ni nini basi, kama kila dawa ina mwiba? Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya la Dunia lilitoa maagizo juu ya maumivu ya kiuno ya siku nyingi, nayo maumivu ya kiuno ya kila namna yaliwashika watu milioni 619 katika mwaka 2020. Maagizo hayo hayapendekezi dawa za jamii ya afyuni. Hata mikanda ya kiuno hayaipendekezi. Yanapendekeza mazoezi ya mwili na kumfundisha mgonjwa ajitunze. Mwaka huo huo wa 2023 yalitangazwa pia matokeo ya jaribio la Australia kwa watu 347 wenye maumivu mapya ya kiuno au shingo: baada ya majuma sita waliopewa oksikodoni hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Nakiri kwamba mtu mwenye maumivu akiambiwa "tembea" huona kama ametukanwa. Baba aliona hivyo.

Mdogo wangu alikuja kwa Noeli, bila chupa. Sheria ya Kanada yenyewe hairuhusu mtu kuvuka mpaka na bangi, hata kama ni dawa aliyoandikiwa. Tena ndege yake ilipita katika nchi mbili nyingine, kila moja na gereza lake. Sasa amemwambia mganga wake kila kitu. Mganga hakumtukana. Alimwondolea dawa ya kulegeza misuli, akamwachia kiasi kidogo cha mafuta jioni kwa miezi mitatu, na kama hakuna tofauti iliyo wazi wataacha. Anaandika katika daftari kila siku: maumivu mangapi kwa kumi, alilala saa ngapi, alimeza nini na saa gani. Aliniambia kwamba mpaka sasa kinachomsaidia zaidi ni kwamba alibadilishwa kazi, haamki tena kuinua masanduku.

Kovu liko juu ya jicho lake la kushoto. Baba alimgusa hapo kwa kidole, akamwuliza: "Ni diamba hiyo iliyokupiga?" Akajibu: "Ndiyo, Baba." Mzee akacheka kama siku ile ya kwanza.

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Baba hutoka na fimbo yake mpaka kwenye bomba la maji la mtaa, kisha mpaka kwenye mwembe wa shule, kisha hurudi. Mwanzo alikuwa akifika bombani tu. Tramadoli amebakiza moja, jioni. Kopo liko juu ya kabati la sebuleni, mahali mke wangu anapoliona, na juu yake nimebandika karatasi yenye majina na saa, kwa herufi kubwa. Juma lililopita jirani wa makala alikuja na vidonge vyake mfukoni, akamwuliza Baba kama anaweza kwenda naye hospitalini siku ya Jumatatu.